Habari za Pate Katika Mtandao: Uhakiki wa Nyenzo za Kufundishia Historia ya Pwani

1. Utangulizi

Makala haya yananuia kuhakiki namna habari za kale za pwani ya Kenya zinavyopatikana katika intaneti, na namna zinavyotumiwa na walimu wa historia na masomo ya jamii. Huenda msomaji akashangaa kuiona mada hii katika jarida la idara ya lugha. Jawabu letu ni fupi. Habari zinazosomwa huko ni matini. Zimetungwa, zimenakiliwa, zimefasiriwa na kufupishwa na watu. Na kazi ya kupima matini, kutafuta asili yake na kulinganisha nakala zake, ndiyo kazi ambayo wanalugha wamekuwa wakiifanya kwa miswada ya tenzi na ya tarehe tangu zamani. Ikiwa ujuzi huo hautamfikia mwalimu wa historia, basi tutakuwa tumeufungia kabatini.

Kilichotusukuma kuandika ni jambo dogo. Tulikwenda kumkagua mwanafunzi wetu mmoja aliyekuwa katika mazoezi ya ualimu katika shule moja ya upili ya pwani. Tulimkuta akifundisha habari za dola ya Pate, naye alikuwa amejitayarisha vizuri. Alikwisha andika ubaoni kwamba ukoo wa Nabahani ulianza kutawala Pate mwanzoni mwa karne ya 13, na kwamba katika karne iliyofuata Pate iliutiisha mwambao wote kutoka Mogadishu hadi kusini ya Kilwa. Kijana mmoja akainua mkono, akauliza, "Mwalimu, aliyeyaandika haya ni nani?" Mwalimu akajibu kwamba ameyakuta katika tovuti tano, na zote tano zinakubaliana. Jibu hilo lilimridhisha aliyeuliza. Na tukiri kwamba kwa kitambo lilituridhisha hata sisi. Tulipokuwa njiani kurudi ndipo tulipojiuliza: Je, tovuti tano ni mashahidi watano?

2. Nakala Nyingi, Mama Mmoja

Wasomaji wa jarida hili wanazifahamu Habari za Pate. Ni tarehe ya wafalme wa Kinabahani, tangu kufika kwao kutoka Uarabuni hadi kuanguka kwa dola yao na kuhamia Witu. C. H. Stigand aliichapisha kwa Kiingereza mwaka 1913 katika kitabu chake The Land of Zinj. Alice Werner akatoa toleo jingine kati ya 1914 na 1915, na M. Heepe akatoa lake mwaka 1928. Mwaka 1993 Marina Tolmacheva alihariri na kufasiri miswada minne iliyohifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaiweka pamoja na matoleo yaliyotangulia ili msomaji aone yanapokubaliana na yanapoachana.

Anayeitazama orodha hii kwa mara ya kwanza atadhani kwamba historia ya Pate ina mashahidi tele. Lakini kila mfuatiliaji wa asili ya matoleo haya hufikishwa, karibu kila mara, kwenye mlango mmoja: wa Muhammad bin Fumo Omar an-Nabahani, aliyejulikana kwa jina la Bwana Kitini. Huyu alikuwa mtu wa ukoo huohuo wa kifalme, na ndiye aliyewasimulia au kuwanakilia watafutaji wa habari walipomwendea Lamu. Muswada wa asili, kama inavyosimuliwa, uliangamia mwaka 1890 Waingereza walipoushambulia mji wa Witu. Kwa hiyo tulicho nacho ni habari zilizosimuliwa na kuandikwa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, nyingi zikiwa ni kwa ombi la maofisa na wataalamu wa kigeni.

Kanuni ya uhakiki wa miswada inajulikana. Nakala kumi zilizotoka katika muswada mmoja huhesabiwa kuwa shahidi mmoja, hata kama wanakili wake walikaa miji kumi. Kukubaliana kwao hakuthibitishi kwamba jambo lilitokea; kunathibitisha kwamba mama yao ni mmoja. Kinyume chake, pale wanapotofautiana, hapo ndipo mhakiki anapopata kazi. Miswada ya Pate hutofautiana katika miaka na katika mpangilio wa baadhi ya wafalme, na tofauti hizo zina thamani kubwa kwa mwanafunzi kuliko makubaliano yake.

Tukiirejea ile kesi ya tovuti tano, mambo ni yaleyale. Kurasa nyingi za mtandao kuhusu Pate ama zinamfuata Stigand, ama zinafuata mkusanyo wa hati ambao Freeman-Grenville aliuchapisha mwaka 1962 na ambamo toleo la Stigand lilitiwa, ama zinanakiliana zenyewe kwa zenyewe. Tofauti kati ya mnakili wa zamani na wa leo ni kwamba yule wa zamani aghalabu alitia jina lake mwishoni mwa muswada, akaomba radhi kwa makosa yake, na pengine akataja siku aliyomaliza kazi. Mnakili wa mtandao mara nyingi hana jina wala tarehe. Hivyo tumerithi tabia ya kunakili bila ya kurithi adabu yake.

3. Bwana Kitini na Mashahidi Wengine

Hatusemi kwamba Bwana Kitini alidanganya. Mtu anayezisoma Habari za Pate kama orodha ya matukio tu anamkosea mtunzi wake. Ni usimulizi wa mtu ambaye jamaa zake walikuwa wafalme na ambaye aliishi hata akauona ufalme huo umekwisha. Alipokuwa akieleza jinsi Pate ilivyoshika miji mmoja baada ya mwingine, alikuwa pia anaeleza kilichopotea. Ndani yake mna visa vya kupendeza, kama kile cha Mwana Darini na siwa, ambavyo vinatufunza juu ya heshima, mirathi na nafasi ya mwanamke katika nyumba ya kifalme, hata tusipokuwa na hakika ya mwaka vilipotokea. Katika masomo ya jamii kisa hicho kinaweza kufanya kazi kuliko tarehe kumi za vita.

Lakini msimulizi yeyote hana budi kusikilizwa pamoja na wengine. Ibn Battuta alipita pwani hii mwaka 1331. Aliitaja Mogadishu, akaitaja Mombasa, akaisifu Kilwa; Pate hakuitaja. Ukimya wa msafiri mmoja si hoja ya kukata shauri, kwani jahazi yake haikutia nanga kila bandari. Hata hivyo, ikiwa karne hiyo ndiyo tunayoambiwa kwamba Pate iliutiisha mwambao mzima, mwanafunzi ana haki ya kuuliza kwa nini mgeni huyu hakupata hata fununu.

Wachimbaji wa mambo ya kale nao wana lao. Mwaka 1969 Neville Chittick alitilia shaka ukale wa Pate kama unavyoelezwa katika tarehe, kwa kuwa vitu alivyovikuta ardhini havikulingana na miaka hiyo. Kwa muda mrefu neno lake lilichukuliwa kuwa la mwisho. Kisha Thomas Wilson na Athman Lali Omar walifanya uchimbaji mwingine, wakaeleza mwaka 1997 kwamba makao ya watu mahali hapo ni ya kale kuliko alivyodhani Chittick. Tunaona basi kwamba mtaalamu naye husahihishwa na jembe la mwenzake. Tena tuangalie hatua moja zaidi, ambayo kurasa nyingi huiruka: kuthibitika kwamba mji ni wa kale si kuthibitika kwamba Wanabahani ndio waliokuwa wakiutawala. Hayo ni maswali mawili, na kila moja lataka ushahidi wake.

4. Kilicho Wazi na Kilichofungwa

Yafaa sasa tuulize kwa nini Stigand ndiye anayepatikana kwa wepesi zaidi. Si kwa sababu ni bora. Ni kwa sababu ya sheria. Kitabu chake ni cha mwaka 1913, na mwandishi alifariki mwaka 1919. Kwa sheria ya Kenya, hakimiliki ya kitabu hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Marekani, ambako hazina nyingi kubwa za vitabu katika mtandao zina makao, kitabu cha zamani kilicholindwa kikamilifu huwa huru miaka 95 baada ya kuchapishwa. Kwa vipimo vyote viwili Stigand yu huru. Vivyo hivyo hadithi alizozikusanya Edward Steere mwaka 1870, kamusi ya Krapf ya mwaka 1882, na kitabu cha Charles Eliot juu ya himaya ya Waingereza cha mwaka 1905.

Kwa upande mwingine, historia ya Waswahili wa pwani ya Kenya aliyoiandika Ahmed Idha Salim, ikachapishwa Nairobi mwaka 1973, haiwezi kuwekwa wazi kwa watu wote bila idhini. Toleo la Tolmacheva pia halijawa huru. Kwa jumla, kazi zilizotokana na vuguvugu la kuandika upya historia ya Afrika baada ya uhuru, ambamo walimu wa vyuo vyetu walishiriki kwa moyo, zingali ndani ya ua wa hakimiliki.

Hatuilaumu sheria hiyo. Mwandishi anastahili kula jasho lake, na wengi wetu tumechapisha vitabu kwa matumaini hayohayo. Lakini matokeo yake sharti yasemwe waziwazi. Kijana anayefungua simu yake leo kuitafuta historia ya pwani anapokewa mlangoni na ofisa wa dola ya kikoloni. Kazi iliyofanywa kwa miaka mingi kumtoa ofisa huyo katika kiti cha mwalimu mkuu inabatilishwa kimyakimya, si na mtu mwenye nia mbaya, bali na kalenda. Twaona hili ndilo jambo zito kuliko yote katika suala la nyenzo za mtandao. Malalamiko ya kila siku huwa juu ya uongo unaoenezwa huko. Lakini Stigand hakuandika uongo. Aliandika kama mtu wa wakati wake na wa kazi yake, na msomaji asiyeambiwa hivyo atamchukua kuwa ndiye sauti ya Pate yenyewe.

5. Shanga na Shanghai

Mfano wa pili unatoka kisiwa hichohicho. Inasimuliwa Pate kwamba jahazi ya Wachina ilivunjika karibu na pwani, mabaharia waliookoka wakakaribishwa, wakaoa na kuzaa. Mwaka 2005, China ilipoadhimisha miaka 600 tangu safari ya kwanza ya jemadari Zheng He, simulizi hiyo ilivuma duniani kote. Kisha mwaka 2013 sarafu ya Kichina ya zama za mfalme Yongle, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 15, ilipatikana katika kisiwa jirani cha Manda. Katika mtandao mambo haya mawili yameunganishwa na la tatu: kwamba mji wa kale wa Shanga, uliomo Pate, uliitwa hivyo kwa ukumbusho wa Shanghai.

Hapa mwanalugha hana ruhusa ya kunyamaza. Kufanana kwa sauti za majina mawili si ushahidi wa undugu wao. Kama kufanana kungetosha, basi mwingine angeweza kusimama na kusema kwamba mji umepata jina kwa shanga zilizovaliwa na wanawake wake, na hoja yake ingekuwa na nguvu zilezile, yaani haingekuwa na nguvu. Zaidi ya hayo, uchimbaji wa Mark Horton, uliochapishwa mwaka 1996, umeonyesha kwamba watu walikaa Shanga tangu karne ya 8, na kwamba mji ulihamwa katika robo ya kwanza ya karne ya 15 au karibu na hapo. Safari za Zheng He zilifanywa kati ya 1405 na 1433. Mji uliokuwapo kwa zaidi ya miaka 600 ungekuwa umengoja mno kupewa jina.

Ama sarafu, ni ya kweli na ni ya thamani. Inatuambia kwamba kitu kilichotengenezwa China kilifika Manda. Haituambii kililetwa na nani. Biashara ya Bahari ya Hindi ilikuwa ya kupokezana kutoka bandari hadi bandari, na fedha ni kitu kisichoulizwa kabila lake. Wala hatuwadharau wazee wa Pate wanaosimulia habari za mabaharia. Simulizi yao ni hati inayostahili kukusanywa na kuchunguzwa kwa heshima. Tunachokipinga ni kuifanya simulizi, sarafu na jina kuwa kamba moja kabla ya kila uzi kujaribiwa peke yake. Wahenga walinena kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa mwanahistoria methali hiyo haitoshi. Na katika zama za mtandao, ambamo lisilokuwapo huja kwa siku moja, ni ya kuogopwa.

6. Lugha, Hati na Udhaifu wa Hazina

Isidhaniwe kwamba tunaukataa mtandao. Zamani aliyetaka kuona muswada wa Kiswahili wa hati za Kiarabu uliochukuliwa na Taylor, Werner au Hichens ilimpasa kwenda London. Leo orodha ya miswada ya chuo cha SOAS inasomeka kutoka Nairobi au Lamu, na baadhi ya miswada yenyewe imepigwa picha. Miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu nayo ilipigwa picha chini ya mpango wa maktaba ya taifa ya Uingereza wa kuokoa hazina zilizo hatarini, bila ya miswada yenyewe kuondolewa Lamu. Hili ni jambo la kushukuriwa.

Hata hivyo kuna vikwazo viwili. Cha kwanza ni lugha na hati. Mwanafunzi wa shule ya upili anayeiona picha ya muswada hawezi kuusoma, kwa sababu hafundishwi Kiswahili cha hati za Kiarabu. Na akitafuta matini yake kwa hati za Kirumi hupata fasiri ya Kiingereza kwanza. Basi mtoto wa Siyu au Faza anaisoma tarehe ya kisiwa chake kwa Kiingereza cha Stigand, na wakati mwingine huirudisha katika Kiswahili kwa ajili ya mwalimu wake. Maneno ya Bwana Kitini yametoka Lamu kwa Kiswahili, yakaenda London, yakarudi yakiwa fasiri ya fasiri.

Kikwazo cha pili ni udhaifu wa hazina yenyewe. Mwezi wa Oktoba 2023 maktaba hiyo ya Uingereza ilishambuliwa na wahalifu wa kompyuta, na huduma zake nyingi za mtandao zikazimika kwa miezi mingi. Picha zilizokuwa zimewekwa ili zisipotee zikawa hazifikiki. Witu ulipoungua mwaka 1890 ulipotea muswada uliokuwa na makao mamoja. Funzo ni lilelile: hazina isiwe mahali pamoja, na isiwe mikononi mwa watu wa mbali peke yao.

7. Katika Darasa

Mwalimu atatuuliza, na ana haki, kwamba katika kipindi cha dakika 40 atayafanyaje haya yote. Hatumtaki ayafanye yote. Tunapendekeza somo moja tu katika muhula lifundishwe kwa namna ifuatayo. Wanafunzi wapewe vifungu vitatu vifupi: kimoja cha Habari za Pate juu ya kuinuka kwa dola, kimoja cha Ibn Battuta, na maelezo mafupi ya yaliyochimbuliwa ardhini. Kila kundi lijibu maswali manne: Nani anasema? Ameyapata kwa nani? Alimwambia nani, na kwa nini? Nani mwingine anasema hivyo bila ya kunakili kwake? Darasa lisiwe na haraka ya kufikia jibu moja. Mwanafunzi akitoka akiweza kusema, "Hili tunalijua, hili linasimuliwa, na hili bado," atakuwa amejifunza historia.

Ukurasa wa mtandao utumike kwa njia hiyohiyo. Badala ya kuwakataza wanafunzi, mwalimu awape kurasa mbili au tatu wazifuatilie hadi chanzo, wachore ubaoni nasaba yake kama tunavyochora nasaba ya miswada. Shule isiyo na kompyuta za kutosha haizuiliki. Kurasa zaweza kuchapwa katika karatasi, na simu ya mwalimu yatosha kuzipata. Wanafunzi watakapoona matawi yote yamekutana kwenye shina moja, hawatasahau. Nao wale wenye babu na nyanya Pate, Siyu au Faza watumwe nyumbani kuuliza, waandike majibu kwa lahaja ileile waliyojibiwa, bila ya kuyasanifisha.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba tatizo la nyenzo za mtandao katika kufundisha historia ya pwani si uchache wake, wala si uongo wake peke yake. Ni kwamba wingi wa nakala hudhaniwa kuwa wingi wa ushahidi; kwamba sheria imewaacha wazi waandishi wa kikoloni na kuwafungia wetu; na kwamba matini ya Kiswahili hufikiwa kwa kupitia Kiingereza.

Katika hayo matatu, la kwanza ni la walimu, na sisi tunaowafundisha walimu ndio wa kulaumiwa likibaki. La pili laweza kupunguzwa na waandishi wenyewe na warithi wao, wale ambao vitabu vyao havichapishwi tena wala haviwaletei chochote, wakikubali viwekwe huru. La tatu ni la idara zetu. Miswada ya Kiswahili haimilikiwi na Stigand. Hakuna sheria inayotuzuia kuinukuu miswada ya zamani kwa hati za Kirumi, kuiandikia utangulizi unaotaja mnakili, chanzo na tofauti za nakala, na kuitoa bure katika mtandao kwa Kiswahili. Kazi hiyo haihitaji mitambo mikubwa. Inahitaji watu wanaosoma hati za Kiarabu, na watu hao wanazidi kupungua kila mwaka.

Yule kijana aliyeuliza ni nani aliyeandika alistahili kuambiwa: aliyesimulia ni mzee mmoja wa Lamu, jina lake Bwana Kitini, jamaa ya wafalme; na maneno yake kwa Kiswahili ni haya hapa. Sehemu ya kwanza ya jibu hilo tunaweza kumpa leo. Ya pili bado hatujamtengenezea.